Aliyefuta Jina la Nadira

Mahir Salim alimwibia Kulthum Ndambuki kilio cha mwanawe. Hakuiba kuku, wala hakuanua nguo za watu kambani. Alichukua shairi ambalo mama huyu alimtungia binti yake aliyekufa, akafuta jina la marehemu, akapachika lake mwenyewe mwishoni, kisha akalipeleka kwenye intaneti. Huko watu wa nchi ambazo Kulthum hata hajui ziko upande gani wanalisoma na kumsifu mwizi. Huo ndio ubaya uliotendeka, na hauna sukari ya kuutia.

Kulthum hakukaa darasani hata siku moja. Kwao Kitui walisoma wavulana, naye akapewa mbuzi wa kuchunga na nyanya wa kumtunza. Nyanya huyo alikuwa mtungaji wa tenzi, na mtoto aliyelala naye kitanda kimoja alizinyonya kama maziwa. Alipoolewa Thika, mtaa wa Majengo, alikuja na sanduku la bati, leso nne na kichwa kilichojaa beti. Mume alikufa mapema. Kulthum akabaki na msichana mmoja, Nadira, na kazi ya kukaanga mandazi nje ya mlango wake.

Karai lake lilibeba mandazi manane, na hapo ndipo alipokuwa akipimia mishororo yake. Kila andazi alilolitumbukiza alilipa silabi moja. Likibaki pengo, alijua mshororo umepunguka, na mafuta yalianza kunuka pale palipo wazi. Akilazimisha la tisa yalishikana, yakatoka mabichi katikati. "Mshororo ni kama karai," alikuwa akimwambia Mbithe, jirani yake kazini. "Ukijaza sana unalisha watu unga."

Mbithe alitoka Gatuanyaga kila asubuhi na gunia la sukuma wiki na pojo, akatandaza pembeni ya karai. Alikuwa Mkristo wa kanisa la ngoma, mwenye sauti ya kuvunja gilasi. Mashairi hakuyajua, lakini alijua kutukana mteja mpaka mteja akacheka na kununua.

Kulthum aliitwa arusini, kwenye tohara na matangani, kuanzia Majengo mpaka Ruiru. Alisimama, akashika leso yake kiunoni, akaghani. Hakutoza. Alipewa leso mpya au sahani ya pilau ya kupelekea nyumbani, basi. Na kila utungo wake uliisha kwa ubeti wa kumtaja mtungaji, "Kulthumu wa Majengo," kama nyanya alivyomfundisha, ili atakayeubeba ajue ameutoa kwa nani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli yake, na hakuwa na nyingine.

Nadira alikufa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya siku nne. Kulthum hakukaanga mandazi kwa siku arobaini. Alikaa mlangoni na karai tupu mbele yake, akihesabu ndani ya karai tupu, na arobaini ilipofika kulikuwa na shairi la beti ishirini na mbili. Ubeti mmoja ulisema hivi:

*Nilikuita Nadira,*
*hukujibu hata mara,*
*nyumba imekosa nura,*
*nimebaki mlangoni.*

Na mwingine:

*Shuka lako nimefua,*
*kambani nimeanua,*
*nani wa kulichukua?*
*Limelala kikapuni.*

Shairi hilo peke yake halikuwa na ubeti wa mtungaji. Nyanya alikataza. Mwenye kufiwa hajitaji, alisema. Ukijitaja ndani ya kilio, unajiandikisha uwe wa pili kufa. Jina linaloruhusiwa humo ni la aliyekwenda, na jina hilo halipungui wala halibadilishwi, kwa sababu ndilo kaburi la pili la maiti. Kaburi la kwanza la Nadira lilikuwa tuta la udongo lisilo na maandishi, na mvua za mwaka uliofuata zililisawazisha. Kwa hiyo lilibaki la pili.

Mahir alikuja mwaka huohuo wa mvua nyingi. Alikuwa kijana wa Majengo aliyehamia Ruiru, mwana wa watu wanaojulikana, amesoma mpaka kidato cha nne na kupata cheti cha kompyuta Nairobi. Alivaa shati jeupe, akabeba redio-kaseti kwapani kama mtu anayebeba jogoo. Aliamkia vizuri, akala mandazi matatu, akasifu.

"Mama Nadira," akasema, "hizi tungo zako zitaibwa."

"Nani aibe maneno?"

"Dunia imebadilika, mama. Mtu anakusikia arusini leo, kesho anaghani Mombasa, anasema ni zake. Utamshika wapi? Lakini tukiziweka kwenye kompyuta sisi kwanza, na jina lako, hakuna atakayezidai tena. Zitakuwa zimelindwa."

Mbithe alikuwa akifunga sukuma. "Kompyuta ina kufuli?" akauliza.

"Ina kufuli kushinda benki, mama."

"Na ufunguo anao nani?"

Mahir alicheka, akasema mama huyu wa Gatuanyaga angefaa kuwa askari. Wote wakacheka, na swali likapotea ndani ya kicheko. Kulthum amelirudia swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo.

Alirekodi alasiri tatu. Kulthum alighani tungo kumi na nane, kila moja na ubeti wake wa jina. Ya tatu ikielekea magharibi, kaseti ikiwa bado na nafasi, Mahir akasema amesikia kuna kilio cha Nadira. Kulthum akakataa. Mahir akainamisha kichwa, akasema: "Nilicheza na Nadira hapa nje tukiwa watoto. Acha hata mimi nimlilie."

Basi akaghani. Alipomaliza uso ulikuwa umelowa, na Mahir alikuwa akiangalia gurudumu la kaseti likizunguka.

"Mbona hili halina jina lako mwishoni?"

"Mwenye kufiwa hajitaji, mwanangu." Akamweleza yote, ya nyanya na ya kaburi la pili. Akamfundisha mwizi mlango usio na komeo ulipo.

Karibu miaka miwili Mahir hakuonekana. Ikisikika habari yake, ni kwamba anafunza kompyuta Ruiru na kwamba amekuwa mshairi. Kulthum alifurahi. Alidhani mbegu imeota.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tisini na tisa aliitwa Gitothua, kwenye hitima ya mtoto. Mama aliyefiwa alikuwa kimya siku nyingi, hali chakula, halii, na dada zake wakasema Kulthum wa Majengo atamfungua. Wanawake walijaa chumba na ua. Kulthum akasimama, akaghani kilio cha Nadira, na alipofika kwenye shuka la kikapuni yule mama alipasuka, akalia kilio kilichomfanya kila mtu aseme alhamdulillahi.

Wakati wa chai msichana mmoja mwanafunzi, jina lake Firdaus, alimsogelea kwa adabu akiwa na sahani ya kaimati.

"Shikamoo mama. Umeikariri vizuri sana."

"Marahaba. Nimekariri nini?"

"Ile ya Mahir Salim. Tulipewa chuoni, ilitolewa kwa intaneti. Lakini mama, yeye anasema *nilikuita dadangu*. Wewe umeweka Nadira. Nadira ni nani?"

Kulthum alimgeukia. "Nadira ni mwanangu. Na shairi ni langu."

Aliyekuwa karibu akageuka, na wa pili akageuka kwa sababu wa kwanza amegeuka. Firdaus, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akasema polepole, "Lakini mama, limeandikwa. Na jina lake liko mwishoni."

"Basi angemtaja mwenyewe tu, ni vibaya kuiba matangani," ikasema sauti moja nyuma.

"Watu wa Majengo hao," ikajibu nyingine. "Hata kilio wanakopi."

Walicheka kidogo, kicheko cha kufunika mdomo kwa leso. Mama mfiwa alikuwa ameketi palepale, macho yamevimba, akimtazama Kulthum kama mtu aliyeuziwa dawa ya uongo. Hayo macho ndiyo yaliyomuumiza. Akachukua viatu vyake mlangoni, akaondoka bila kunywa chai, na hakuna aliyemfuata.

Kesho yake Mbithe alimkuta amekaa, moto haujawashwa.

"Mama Nadira, leo watu wanywe chai na nini? Na mawe?"

Kulthum akamweleza. Mbithe alivua kitambaa chake kichwani, akakifunga upya kwa nguvu. "Twende tukaione hiyo kitu. Mimi kuku yangu ikiibwa, kwanza naenda kuona manyoya."

Mjini Thika kulikuwa na duka moja la kupiga chapa lililokuwa limeanza kuweka intaneti. Aliyehudumu alikuwa msichana aitwaye Idah, mwenye nywele za kusuka na subira ya muuguzi. Waliketi watatu mbele ya kioo kimoja. Mashine ilikoroma, ikalia kama paka aliyebanwa, kisha ikanyamaza. Mbithe akauliza kama imekufa. Idah akasema inatafuta. Waliisubiri muda wa kupika maharagwe.

"Hii hapa," Idah akasema mwishowe. "Ukurasa wa mashairi ya Kiswahili. Mwenyewe ni mwalimu fulani wa ng'ambo. *Kilio cha Dada, na Mahir Salim, Kenya.* Kuna maneno hapa: *Nilimtungia dada yangu mpendwa.*"

"Huyo hana dada!" Mbithe akapaza sauti, na mteja aliyekuwa akipiga kopi akaangusha karatasi. "Mama yake alizaa vijana watupu! Nawajua mpaka wa mwisho!"

"Soma, mama," Kulthum akamwambia Idah.

Idah akasoma. Kulthum alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kioo, kwa kinywa cha mtoto wa watu, yeye akiwa amekaa mbele yake kipofu. Beti ishirini na mbili. Kila mahali palipokuwa na Nadira palikuwa na dadangu. Jina la Nadira lilikuwa mara saba ndani ya kilio kile. Hakuacha hata moja. Mwishoni kulikuwa na ubeti wa ishirini na tatu, na mshororo wake wa tatu ulisema: *Mtunzi Mahiri wa Ruiru.*

Vidole vya Kulthum vilijikunja vyenyewe. "Kumi," akasema. "Ametia kumi."

"Kumi nini?" Idah akauliza.

"Mimi ninatia nane."

Idah hakuelewa, lakini aliinuka, akarudishia mlango wa duka. "Mama, huyu mwenye ukurasa tunaweza kumwandikia. Wewe sema, mimi nachapa."

Kulthum akasema, Idah akachapa. Barua haikuwa ndefu. Alisema shairi ni lake, mtoto ni wake, mtoto aliitwa Nadira, na angeomba jina lirudishwe.

Jibu lilifika baada ya wiki mbili. Idah alikuja nalo mwenyewe mpaka kwenye karai, limechapwa. Bwana wa ng'ambo aliandika kwa heshima kubwa. Alisikitika. Alisema wanathamini sana haki ya mtunzi, na ndiyo sababu hawawezi kubadilisha kazi ya mtu bila ushahidi. Je, Bi Kulthum anao mswada wenye tarehe? Gazeti lililolichapa? Rekodi ya sauti yake? Kama hana, barua fupi kutoka kwa Bwana Mahir ingetosha.

"Ati mwizi ndiye aandike barua ya kusema yeye ni mwizi?" Mbithe akasema. "Huyo mzungu ana watoto kweli?"

Lakini Kulthum alikuwa ameshika neno moja, rekodi. Kaseti. Sauti yake ilikuwa ndani ya kaseti, ikisema Nadira mara saba. Na kaseti alikuwa nayo Mahir.

Ndipo akaenda kwa Mzee Ali Mbaluka, fundi cherehani mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya msikiti wa Majengo. Mzee aliita kikao, na Mahir akaja kutoka Ruiru kwa sababu baba yake alimlazimisha. Shati lilikuwa jeupe vilevile. Mbithe, ambaye hakuitwa, alikaa kwenye benchi la mlangoni na kapu lake.

"Mwanangu," Mzee Ali akaanza, "Mama Nadira anasema umemchukulia shairi."

"Mzee, kwenye intaneti hakuna kitu cha mtu. Mambo ni ya wote."

"Kama ni ya wote," Mbithe akasema kutoka mlangoni, "mbona umeandika yako?"

"Huyo mama ni wa kamati?"

"Mimi ni wa sukuma wiki. Jibu."

Mzee Ali akaficha tabasamu, akamwomba Mbithe anyamaze. Kisha akamuuliza Kulthum ana ushahidi gani. Kulthum aliomba kokwa za tende, na kijikapu cha kokwa kilikuwepo, kwa maana wazee walikuwa wametoka kufuturu saumu ya sunna. Akazipanga mkekani mbele ya wazee, nane nane, akighani mshororo mmoja kwa kila safu: *nilikuita Nadira, hukujibu hata mara, nyumba imekosa nura.* Akazigusa kokwa za mwisho. Ra, ra, ra. Kisha akaghani wa Mahir: *nilikuita dadangu.* Akaichukua kokwa ya mwisho ya safu ya kwanza, akaiweka mbali na nyingine, akamtazama.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini mtu aliyetunga hili shairi angeanzaje na *dadangu*, halafu aende kwenye *mara* na *nura*? Alikuwa akilifuata jina gani?"

Mzee Ali, aliyepima nguo za watu miaka arobaini, alizitazama kokwa muda mrefu. "Nguo hii ilishonewa mwili mwingine," akasema. "Mahir, inua uso."

Mahir akauinua. Hakuwa na aibu. Alikuwa na uchovu, kama mtu anayechelewa mahali. "Mama mwenyewe aliniambia mwenye kufiwa hajitaji. Shairi lilikuwa halina jina. Nilikuta yatima nikamlea. Mngetaka lipotee?"

"Lilikuwa na jina," Kulthum akasema. "Lilikuwa nalo mara saba."

"Kaseti iko wapi?" Mzee Ali akauliza.

"Nilirekodia mawaidha juu yake."

Hapo ndipo Kulthum alipopiga kelele. Si neno, kelele tu, na Mbithe akaingia kikaoni bila viatu wala ruhusa akamshika mabega. Tangu siku alipofiwa hakuwa amepiga kelele ya namna ile. Sasa ilikuwa kama amemzika mara ya pili, na safari hii hakuna hata tuta.

Wazee walitoa uamuzi. Shairi ni la Kulthum. Mahir aandike barua kwa yule bwana wa ng'ambo kabla ya wiki kwisha. Mahir akainua mkono wa kulia, akaahidi mbele yao wote. Wazee wakapiga dua, wakaenda kuswali, wakiamini wamemaliza kazi. Ndivyo walivyozoea: mtu wa Majengo akiahidi msikitini, ameahidi. Hakuna aliyefikiria kumketisha palepale na kalamu.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Mzee Ali alimtumia baba yake Mahir ujumbe mara mbili. Baba akajibu mtoto ana shughuli. Idah alikuwa akifungua ukurasa kila Ijumaa na kupita kwenye karai akitikisa kichwa. Mwezi wa nane alikuja na habari nyingine: kilio kile kimenakiliwa kwenye kurasa mbili zaidi, na mmoja wao haujui hata kama aliyekilia ni Mkenya.

"Wanakopi kutoka kwake," Idah akasema. "Wanaweka *dadangu* vilevile."

Kulthum hakuitwa tena Gitothua. Hata Majengo, walipomwita, walimwomba kwa upole aghani kitu kingine, maana lile la Mahir kila mtu ameshalisikia. Naye akagundua jambo lililomtisha kuliko yote. Asubuhi moja, akitumbukiza andazi la sita, ulimi wake ulisema *dadangu*. Akasimama, karai likaungua, Mbithe akakimbia na kifuniko.

"Limeingia kichwani mwangu," Kulthum akasema. "Mbithe, limeingia humu."

Mwezi wa kumi na mbili alimtuma Mbithe Ruiru. Alimpa maneno, akamfanya ayarudie mara tatu asije akayaharibu. Mbithe alimkuta Mahir kwenye chumba chake cha mafunzo, amezungukwa na wanafunzi, akamwambia mbele yao:

"Mama Nadira anasema hivi. Kaseti amekusamehe. Barua amekusamehe. Jina lako libaki hapo mwisho na hiyo kumi yako, watu wakusifu mpaka ushibe, yeye hatasema tena kwa mtu kwamba alitunga. Anataka umrudishie mtoto tu. Pale ulipoandika *dadangu*, andika Nadira."

Mahir alisema ataangalia. Aliandika kitu kwenye karatasi, akaweka mfukoni mwa shati.

Ijumaa mbili zimepita tangu hapo, na Idah amefungua ukurasa mara mbili. Mwaka unaisha, watu wanazungumzia elfu mbili. Yule bwana wa ng'ambo hajafuta kitu, maana hajaandikiwa kitu. Wazee wa Majengo wana uamuzi wao, mzuri, uliokaa vichwani mwao. Wanawake wa Gitothua hawajamrudia Kulthum kumwambia pole. Hao wote ameacha kuwadai. Aliyebaki na deni ni Mahir Salim wa Ruiru, na anachodaiwa ni neno moja la silabi tatu, mara saba.